Kadi ya Saa Kumi na Robo

Sura ya kumi na tisa

Barua ya Bi Orde ilifika kituoni Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi, ikiwa na stempu ya Kifaransa na harufu ya dawa ya kifua. Inspekta Enoch Tidmarsh aliipasua kwa kisu cha siagi, maana ndicho kilichokuwa mkononi, akaisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili aliuweka mkate wake mezani, umeumwa mara moja tu.

"Afande," akasema Konstebo Bowditch kutoka kaunta, "mkate huo umefanya kosa gani mpaka unauweka mahabusu?"

Tidmarsh aliitazama saa ya ukutani. Alikuwa akihesabu. Kesho, Jumanne tarehe ishirini na mbili Januari, saa mbili kamili asubuhi, Lemuel Garland angenyongwa katika gereza la mji kwa kumuua Josiah Crake, fundi wa kujalidi vitabu. Aliyemkamata Garland ni Tidmarsh. Aliyesimama mahakamani akaeleza habari za koti la kahawia ni Tidmarsh huyo huyo. Na sasa zilikuwa zimebaki saa ishirini na nne kasoro dakika kumi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alhamisi tarehe nane Novemba, mshona nguo anayekaa ukuta mmoja na Crake alimsikia mzee huyo akigombana na mtu wakati kengele ya kanisa ikigonga saa kumi jioni. Kisha akasikia kishindo. Saa kumi na dakika ishirini aliona mgongo wa mwanamume mwenye koti la kahawia ukipinda kona. Crake alikutwa sakafuni, na chuma cha kuchochea moto kando yake. Garland alikuwa na koti la kahawia. Tena wiki ile ile alikuwa amemtukana Crake mbele za watu, kwa kuwa Crake alikijalidi kitabu chake cha kale akazikata kingo kwa kisu chake kikubwa, zikaenda na maandishi yote ya pembeni.

Garland alijitetea kwa maneno machache. Alikuwa mfanyakazi wa Nyumba ya Kamusi, ng'ambo ya pili ya mto, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka kwa Crake, na njia ile haina gari. Siku hiyo wenzake wote walikwenda chuoni kwenye sherehe. Posta ya saa kumi kasorobo ilileta kikaratasi cha Bi Philippa Orde, mmoja wa wanawake wanaoisomea kamusi vitabu vya kale. Garland akakisoma, akaitilia shaka tarehe ya neno lililonakiliwa humo, akamwandikia kadi hapo hapo na kuitia katika sanduku la posta lililo mbele ya mlango. Sanduku hilo hufunguliwa saa kumi na robo. Halifunguliwi tena mpaka saa kumi na mbili kasorobo.

Basi maisha ya mtu yalikaa juu ya muhuri mmoja wa posta. Kadi za saa kumi na robo hugongwa saa kumi na nusu. Za saa kumi na mbili kasorobo hugongwa saa kumi na mbili. Kama kadi ya Garland iligongwa saa kumi na nusu, hakuwa kwa Crake. Kama iligongwa saa kumi na mbili, alikuwa na muda wa kuua, kurudi, kunawa, na kuandika.

Mwendesha mashtaka aliuliza, kadi iko wapi? Bi Orde hakuwapo nyumbani. Jaji akatikisa kichwa, na wazee wa baraza wakakaa chumbani dakika hamsini.

Tidmarsh aliisoma tena barua.

"Mpendwa Bwana Inspekta, nisamehe kuchelewa, barua yako ya tarehe saba imenifuata mpaka huku kusini kwa Wafaransa, ambako daktari hunileta kila baridi. Habari za mauaji mimi sizisomi, na kama ningejua ni Bwana Garland wetu ningekuja kwa miguu. Kadi niliipata. Ilifika asubuhi ya Ijumaa, nikiwa mezani na yai langu. Niliiweka nyuma ya saa ya ukumbini ikakaa pale mpaka nilipopata nafasi ya kwenda London, kwenye maktaba, tarehe kumi na mbili Desemba. Huko niliona Bwana Garland ana haki kuhusu tarehe ya lile neno lake. Nikaandika jibu upande wa pili wa kadi ile ile, kama tufanyavyo siku zote, nikairudisha Nyumba ya Kamusi ndani ya bahasha. Bila shaka ipo kwao. Wao hawatupi karatasi."

"Bowditch," akasema Tidmarsh, "lete kofia yangu."

*

Nyumba ya Kamusi ilikuwa zamani ghala la shayiri. Ndani kuta zote zilikuwa visanduku vidogo vya mbao, kutoka sakafuni mpaka darini, na katika kila kisanduku mna vikaratasi vimesimama kama vipande vya mkate wa kuchoma kwenye kishikio chake. Juu ya kila kikaratasi huandikwa neno moja, chini yake tarehe ya kitabu, kisha sentensi iliyonakiliwa. Watu wa nchi nzima walikuwa wakivituma miaka ishirini na mitano sasa, mapadri, wake wa mapadri, walimu, maofisa waliostaafu na wasio na usingizi.

Daktari Peverell, mkuu wa nyumba, alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, amevaa glavu zilizokatwa vidole.

"Polisi," akasema. "Wa mwisho kuja hapa alitaka kujua kama 'mlevi' lina neno la heshima. Tulimpa sitini na nne."

"Nataka neno moja tu, Daktari. Neno la Bwana Garland."

Mzee akaacha kutabasamu. Nyuma yake binti yake akainuka kitini. Bi Honoria Peverell alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na aproni yenye mifuko mingi, kila mfuko na kitu chake: penseli, kamba, sindano, mkasi mdogo. Tangu siku ya hukumu alikuwa amemwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani barua kumi na moja. Tidmarsh alilijua hilo kwa sababu nakala zilipitia kituoni.

Akampa barua ya Bi Orde. Aliisoma mara moja, na rangi ikampanda usoni.

"Ipo," akasema. "Baba, ipo. Rundo la neno hilo lilirudi kutoka kiwanda cha uchapaji Ijumaa."

"Kabla ya yote," akasema Tidmarsh, "nieleze kwa nini mtu aandike jibu juu ya kadi ya mwenzake."

"Ni desturi ya nyumba. Tukimwandikia msomaji, anwani na maneno yetu tunayabana upande mmoja. Upande wa pili tunauacha mtupu makusudi, ili kadi irudi ikiwa kikaratasi. Kadi ni ngumu, haikunjiki." Alikuwa tayari amepanda ngazi. "Hatununui karatasi kama tunaweza kuiokota."

Ilikuwa kweli. Tidmarsh alipovipindua vikaratasi vya kisanduku kilichokuwa mbele yake aliona nyuma yao bei za mafuta ya taa, mwaliko wa harusi, orodha ya nguo za dobi, na nusu ya barua ya mtu aliyekuwa akimwomba mwenzake msamaha. Kila kitu kimekatwa kwa kipimo kimoja.

Bi Honoria alishuka na rundo lililofungwa kwa kamba ya gunia. Neno lenyewe lilikuwa *mistime*, kitenzi cha kusema mtu kafanya jambo wakati usio wake. Lilikuwa neno dogo, la vikaratasi tisa tu. Lakini vikaratasi havikuwa vimelegea. Vilikuwa vimebandikwa kwa gundi ya unga juu ya karatasi kubwa, kimoja chini ya kingine, kama vinavyopelekwa kwa mpanga herufi ili asivichanganye.

"Hiki," akasema, akiweka kidole juu ya cha kwanza. "Mwandiko wa Bi Orde. Na ni kinene."

Tidmarsh akapapasa. Kilikuwa kadi. Upande ulioonekana ulikuwa na neno, na tarehe ya kale iliyosahihishwa, na mstari mmoja wa Kiingereza cha kale sana ambacho hakuweza kukisoma, kama vile hakikuwa lugha ya mama yake. Upande uliolala chini, ndani ya gundi, ndio uliokuwa na anwani na stempu na muhuri.

"Birika," akasema.

"Bwana Inspekta," akaanza Daktari Peverell, "karatasi hiyo ni ya kazi, haijakaguliwa mara ya mwisho, na mvuke—"

"Baba," akasema Bi Honoria, "kaa chini."

Mzee akakaa.

Walichemsha maji kwenye jiko la makaa la kupashia chumba. Tidmarsh alivua koti, akakunja mikono ya shati. Kwanza aliwaandikisha wote wawili majina yao na saa, saa tatu na dakika arobaini, kwamba wameiona kadi ikiwa imebandikwa na haijaguswa. Kisha akaishika karatasi juu ya mdomo wa birika, akiisogeza polepole kama mtu anayepiga pasi hariri. Gundi ya unga hulainika taratibu. Ukiharakisha, karatasi huchanika ikaenda na wino. Bi Honoria aliingiza ubapa wa kisu chini ya ukingo wa kushoto, akausukuma kwa upana wa punje ya mchele, akangoja, akausukuma tena. Ilichukua nusu saa na zaidi.

Neno la kwanza kutokea lilikuwa "Orde." Kisha mtaa wake. Kisha maneno ya Garland, herufi ndogo zilizosimama wima: *Je, tarehe ya mistime ni ya mtunzi au ya mnakili? Nadhani neno ni la kale zaidi. Tafadhali angalia tena. L.G.*

"Hakutia tarehe," akasema Tidmarsh.

"Hatutii," akasema Bi Honoria. "Tarehe tunayoiandika ni ya kitabu tu. Yetu hututilia posta."

Tidmarsh alimtazama. Watu hawa walikuwa wakikitia tarehe kila kitenzi cha Kiingereza tangu enzi za wafalme wasiojua kusoma, na barua zao wenyewe zilikwenda bila siku. Akaendelea kushika karatasi juu ya mvuke.

Kisu kilifika pembe ya kulia ya juu, mahali pa stempu, na hapo kikapita bila kugusa kitu, kikatokea upande wa pili.

Bi Honoria alikivuta kisu nyuma. Kadi ilijitenga yote mara moja, ikalala kiganjani mwa Tidmarsh, laini na ya moto. Pembe ya kulia haikuwapo. Ilikuwa imekatwa, si kwa kuchanwa, bali kwa mkasi mkali, mkato uliopinda kidogo kama kucha.

Tidmarsh aliipeleka dirishani, akatoa kioo cha kukuzia. Kwenye ukingo wa mkato kulibaki kipande cha duara jeusi, sehemu ya chini ya muhuri, chembamba kama utando wa ukucha. Ndani yake zilisomeka tarakimu mbili, sifuri na sita. Ulibaki mwaka. Siku na saa vilikuwa vimekwenda na stempu.

"Nani amekata hapa?"

Alipogeuka alimwona Bi Honoria ametia mkono katika mfuko wa aproni ametoa mkasi mdogo, ule wa kukatia kucha, wenye ncha zilizopinda. Aliuweka juu ya mkato wa kadi, taratibu. Ulilingana.

"Barua zote zinazoingia hupita kwangu kwanza," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Stempu nazikata kwa ajili ya misheni. Wanaziuza kwa ratili, wanajengea shule Afrika. Wametuandikia namna ya kukata. Acha upana wa kidole kuzunguka stempu, usiguse meno ya kingo zake." Akaurudisha mkasi mfukoni, mfuko ule ule. "Niliacha upana wa kidole."

"Lini?"

"Bahasha ya Bi Orde ilifika tarehe kumi na tatu Desemba. Nilikata siku hiyo hiyo. Mimi si mtu wa kulimbikiza kazi."

"Na hukusoma kadi?"

"Nilisoma upande wa neno. Upande wa neno ndio kazi." Akamtazama baba yake. "Sikuipindua, Baba. Garland alikuwa mahabusu wiki ya tano, na mimi sikuipindua."

Daktari Peverell, mtu wa maneno laki tatu, akamsogezea kiti.

"Boksi la stempu liko wapi?" akauliza Tidmarsh.

"Lilikwenda London siku mbili kabla ya Krismasi."

"Kwa nani? Niandikie jina na mtaa. Haraka."

*

Saa tano kasorobo alikuwa posta kuu. Alipeleka telegramu mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa chama cha misheni, London: wasiguse stempu yoyote ya Desemba, polisi wanaitafuta moja. Ya pili ilikwenda kwa Waziri, na hiyo aliiandika mara tatu kabla ya kuridhika nayo. Alisema kadi imepatikana, kwamba imeandikwa na Garland, kwamba muhuri umekatwa kwa bahati mbaya, na kwamba yeye, afisa aliyemkamata, anaamini Garland hakuua. Aliomba siku saba.

Karani wa telegramu alihesabu maneno kwa ncha ya kalamu. "Hii ndefu, Bwana Tidmarsh. Niyatoe haya 'kwa heshima nyingi'?"

"Yaache."

Kisha akazunguka nyuma, chumba cha kugongea mihuri, akamwita mgongaji wa zamu ya jioni, mtu mwenye bega moja kubwa kuliko lingine. Akamwonyesha kipande cha duara.

"Huu mkono wako?"

"Mkono wangu ule. Unaona ulivyoelemea kushoto?"

"Uligonga saa ngapi?"

Yule mtu akaitazama kadi kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Afande, nagonga elfu tatu kwa zamu. Nigonge saa kumi na nusu, nigonge saa kumi na mbili, bega ni hili hili. Ungeniletea siku ya pili yake, labda. Kuna siku chuma cha tarakimu kilipasuka nikakibadilisha katikati ya zamu. Lakini ilikuwa siku gani, Mungu ndiye anayejua."

"Chuma kilichopasuka kilikuwa cha mwaka?"

"Cha saa."

Tidmarsh akaifunga kadi ndani ya leso, akakaa kwenye benchi la wateja chini ya saa kubwa ya ukutani. Akatoa daftari lake la Novemba. Alilipekua mpaka ukurasa wa tarehe tisa, siku aliyomkamata Garland, na hapo, kwa penseli, mwandiko wake mwenyewe: *Mshtakiwa asema aliandika kadi kwa Bi Orde kabla ya saa kumi na robo. Si muhimu. Mshona nguo ameona koti.*

Siku ile kadi ilikuwa nyuma ya saa ya ukumbini kwa Bi Orde, nzima, na stempu yake, na muhuri wake. Ikakaa pale siku thelathini na tatu zaidi. Yeye alimwandikia Bi Orde tarehe saba Januari, baada ya hukumu.

Alifunga daftari.

Jibu la misheni lilifika saa saba mchana. Stempu za Desemba, ratili mia nne, ziliuzwa tarehe tatu Januari kwa mfanyabiashara wa Hamburg, zikasafirishwa tarehe tano. Walisikitika. Walimshukuru kwa kuikumbuka misheni.

Jibu la Waziri lilifika saa nane na dakika ishirini, na lilikuwa fupi. *Kadi isiyo na siku wala saa si ushahidi mpya. Maoni ya afisa si ushahidi. Sheria iendelee.*

Karani alimpa bila kumtazama usoni.

*

Gerezani lango lilifunguliwa na Stallard, askari mzee aliyeanza kazi mwaka mmoja na Tidmarsh.

"Umechelewa, Enoch. Nilijua utakuja, lakini nilidhani asubuhi."

"Yukoje?"

"Amekula. Amepimwa uzito. Yule mgeni wa kamba kutoka London amefika na treni ya mchana, yuko chini anakula kondoo wa kuchemsha na anasifu mchuzi wetu." Stallard alikichezesha kitita cha funguo. "Nakupa dakika kumi na tano. Ukizidisha nitajifanya kiziwi, lakini si kwa muda mrefu."

Garland alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa amekaa kitandani na mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kwa daktari wa meno. Askari wawili walikuwa wakicheza karata naye kwenye meza ndogo. Walisimama wakasogea ukutani.

"Bwana Tidmarsh," akasema. "Hawa wananiacha nishinde. Wanadhani sioni."

Tidmarsh alikaa kwenye kiti cha askari. Akafungua leso, akaiweka kadi juu ya karata.

Garland aliitazama muda mrefu. Kwanza upande wa anwani. Aliona pembe isiyokuwapo, akapitisha kidole gumba juu ya mkato, mara moja, na hakuuliza ni nani. Aliijua mikasi yote ya nyumba ile.

"Anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Mwambie alikata vizuri. Meno hayakuguswa, naona. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo."

"Nitamwambia."

Kisha akaigeuza, akasoma upande wa Bi Orde, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepokea barua ya nyumbani.

"Ameangalia," akasema. "Ameangalia kweli. Tazama, amefuta ile ya mnakili. Hii ya kale zaidi kwa karne tatu." Alimsogezea Tidmarsh kadi, kana kwamba Tidmarsh angeweza kuisoma. "Unajua neno hili lilikuwa na maana gani mwanzo?"

"Kukosea wakati."

"Hapana. Hiyo imekuja baadaye sana. Hapa, kabla ya Wafaransa kuja kututawala na mfalme wao, miaka mia nane na zaidi iliyopita, lilikuwa na maana ya mabaya kumfika mtu. Basi. Mabaya yamemfika. Hakuna aliyekosea, hakuna anayetafutwa. Hiyo ndiyo niliyokuwa naisaka alasiri ile. Wenzangu wako kwenye sherehe, mimi nasema moyoni, haiwezekani neno hili lilianza na lawama." Alicheka kidogo. "Lawama ilitiwa na watu wa baadaye, wenye saa."

Tidmarsh alisema, "Nimepeleka telegramu kwa Waziri."

"Amekataa?"

"Amekataa."

Garland akaitikia kwa kichwa, kama vile ni jambo la jirani. Mmoja wa wale askari alikohoa.

"Kadi ilikaa kwa Bi Orde mpaka lini?" akauliza Garland. "Yeye ni mwepesi wa kujibu, lakini maktaba ni mbali na kwake."

"Mpaka tarehe kumi na mbili Desemba."

"Ikiwa na stempu?"

"Nyuma ya saa ya ukumbini. Ndiyo. Na stempu."

"Nami nilikuambia lini habari za kadi? Nimesahau. Siku zile zilinichanganyikia."

Tidmarsh angeweza kusema hakumbuki pia. Daftari lilikuwa mfukoni, na mfuko ulikuwa umefungwa kifungo.

"Tarehe tisa Novemba," akasema. "Asubuhi. Niliandika kwamba si muhimu."

Nje Stallard alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Garland hakuinua sauti, wala hakumwinulia macho.

"Naam," akasema hatimaye. "Una penseli?"

Tidmarsh alimtazama askari. Askari akatazama dari. Tidmarsh akatoa penseli ile ile ya Novemba, fupi sasa kama kidole cha mwisho, akampa.

"Imeshachapwa hivi?" akauliza Garland, akigonga tarehe ya Bi Orde. "Kwa tarehe hii mpya?"

"Daktari anasema bado ukaguzi wa mwisho. Lakini ndiyo. Kwa tarehe hiyo."

"Basi kadi irudi kwenye rundo lake. Usiiweke kwenye faili za polisi, itapotea. Irudi kwao, na ibandikwe tena mahali pake, ya kwanza juu."

"Nitaipeleka mwenyewe."

Garland aliilaza kadi juu ya meza, upande wa anwani. Mkono wake ulikwenda pembe ya kulia ya juu kama kwa mazoea, ukakuta hapana karatasi, ukasimama hewani. Kisha akashuka chini, chini ya herufi za jina lake, kwenye nafasi nyembamba iliyobaki, akaandika kwa ule mwandiko mdogo uliosimama wima. Aliandika polepole, akiukandamiza sana mkono, ili ionekane hata gundi ikipita juu.

"Saa yako inasema ngapi?" akauliza katikati.

Tidmarsh aliitoa saa yake ya mnyororo, akaifungua. Mwanga wa dirishani ulikuwa umepungua na ilimbidi aigeuze ili aione mishale.

"Kumi na nusu."

Garland akaandika hilo pia, akairudisha penseli, akamkabidhi kadi kwa mikono miwili. Tidmarsh hakuisoma mpaka alipokuwa nje ya lango, chini ya taa iliyokuwa inawashwa.

*Jumatatu, 21 Januari 1907, saa kumi na nusu jioni. L.G.*

Akaifunga ndani ya leso na kuanza kutembea kuelekea Nyumba ya Kamusi. Ulikuwa mwendo wa dakika arobaini, na njia ile haina gari.